Wivu wa Babu Bonaventura

Nyantakara, Biharamulo
4 Mei 2025

Kwa mke mwenzangu mpendwa, Bibi Odeta,

Shikamoo. Kabla hujauliza: mimi ni mzima, tumbo ni zima, na aliyemo ndani anapiga mateke kama mtu aliyecheleweshewa chakula. Wiston anakusalimu. Shuleni nimepewa darasa la tatu, watoto themanini na mmoja, kwa hiyo sauti yangu imebaki ya kuandikia tu. Huko Keza mpo? Mguu wako unaendeleaje?

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako haifai kwa mambo ya wake wenza. Kila nikipiga anapokea Baba mdogo Faustini, anaweka sauti ya nje, na nyumba nzima inaniitikia.

Ukoo umenipa kazi. Tarehe 13 Septemba tunamfanyia Babu misa ya mwaka mmoja, na wasifu wake utasomwa upya kaburini. Ule wa siku ya mazishi Baba mdogo aliuandika juu ya goti, akasema Babu alizaliwa mwaka 1925, yaani kabla ya mama yake mzazi. Mimi mwenyewe sitafika, maana muuguzi wa kliniki amenikataza safari ya vumbi mwezi huo. Nitaandika, Baba mdogo atasoma, Mungu atusaidie.

Nina maswali mawili. La kwanza ni Vita vya Kagera. Babu alikuwa na kazi gani huko, alibeba silaha gani, na lile kovu la mkono wa kushoto alilipata wapi? Baba mdogo anasema ni bomu.

La pili ni gumu kidogo. Watu wote wanajua kwamba ikifika saa kumi jioni Babu aliacha shamba, akaingia nawe jikoni na kufunga mlango kwa komeo. Sisi wajukuu tulifukuzwa, eti moshi utatuharibu macho. Kijiji kinasema alikuwa na wivu, alikuchunga usije ukasalimiana na wapita njia. Sasa nikiandika kwamba aliipenda familia yake, watu watachekea viganjani. Huo wivu niuandike, niufiche, au niupambe?

Mke wako mdogo,
Suzan


Keza, Ngara
29 Mei 2025

Mke mdogo,

Marahaba. Barua yako imeletwa na Aron wa pikipiki, inanuka petroli, lakini maneno yamefika yote. Mguu ni ule ule, ukinyesha mvua unajua kabla yangu. Maharage mwaka huu yamekubali. Irine, mke wa Faustini, amenunua viatu virefu vya kanisani na sasa anatembea kama anavuka mto kwa mawe. Tecla, yule mwenyekiti wetu wa akina mama wa parokia, amekuja tena kunitaka nikasimamie jiko la harusi ya mwanawe. Nimemwambia mkono unaniuma. Ni harusi ya nne naikataa tangu mume wetu aondoke.

Nakupa majibu yako. Vita ilikuwa Uganda. Silaha alipewa ile iliyohitajika. Kovu lilitokana na moto. Alirudi salama, andika hivyo, na uandike kwamba alirudi na miguu yote miwili, maana wapo waliorudi na mmoja.

Kuhusu wivu, mwanamke mzuri huchungwa. Wewe hukuniona nilipokuwa na miaka ishirini.

Kula mboga za majani. Wiston naye ale.

Mimi mke mkubwa,
Odeta


Nyantakara
15 Juni 2025

Mke mkubwa,

Shikamoo tena, na pole kwa mguu. Nakula mboga mpaka nakaribia kulia kama mbuzi. Wiston amejenga kitanda cha mtoto, kimepinda upande mmoja, nimekisifu hivyo hivyo.

Bibi, majibu yako ni ya kweli yote na hayana kitu ndani. Hata wanafunzi wangu hawajui kunikwepa namna hiyo. Basi nikatafuta mwenyewe. Baba aliwahi kunitajia mzee mmoja Msukuma aliyekuwa na Babu vitani, anaitwa Mashimba, ana mashine ya kusaga pale Biharamulo mjini. Jumamosi nilikwenda kliniki nikapitia kwake.

Nilipotaja jina la Babu, mzee alizima mashine, wateja wakalalamika, akawaambia wasubiri au wakatwange. Nikamuuliza Babu alibeba bunduki gani. Akacheka mpaka unga ukamdondoka kwenye nyusi.

"Bunduki? Bonaventura alibeba mwiko, mjukuu wangu, mrefu kuliko bunduki yangu. Alikuwa mpishi wa kikosi chetu. Watu wa vikosi vingine walikuwa wanatoroka kwao kuja kula kwetu, mpaka mkubwa akaweka mlinzi kwenye sufuria."

Akasema siku moja mabomu yalidondoka karibu, watu wote wakalala kifudifudi. Babu alifunika kwanza sufuria ya uji ndipo akalala, na uji ukamruka mkononi. Ndilo hilo bomu la Baba mdogo.

Kisha mzee akaniuliza jambo nisilolielewa. Alisema, "Na sasa hao wa nyumbani wanakula kwa nani?"

Nikamwambia kwa Bibi, Bibi yangu ndiye anayesifika kwa mapishi Ngara nzima. Akaniangalia, akawasha mashine, na sikusikia tena alichosema.

Kwa nini hukuniambia kwamba Babu alikuwa mpishi? Hakuna aibu, askari wasiokula hawapigani. Na je, Mzee Mashimba alikuwa anauliza nini?

Suzan


Keza
20 Julai 2025

Suzan,

Marahaba. Sisi wazima. Jua ni kali.

Kuhusu lile uliloniuliza, mbuzi wamezaa. Mmoja amezaa mapacha, mmoja dume mmoja mweusi.

Mke mdogo hampelelezi mke mkubwa. Hata zamani, wake walipokuwa wengi katika boma moja, hilo lilikuwa na faini yake.

Andika kwamba alikuwa askari. Wasifu si kitabu cha mapishi.

Odeta


Nyantakara
3 Agosti 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Nawapongeza mbuzi. Nimesoma barua yako mara tatu, na mara zote umenikasirikia sawasawa, kwa hiyo naomba radhi kwa mara tatu pia.

Lakini siwezi kunyamaza. Baba alikuja kunitembelea wiki iliyopita, tukazungumza habari za Babu hapa nje na majirani wawili. Baba akasema, "Mzee wetu alikuwa mtu mwema sana, ila wivu tu ndio ulimshinda." Majirani wakacheka, Baba naye akacheka. Danstan, mtoto wake wa kwanza kumzaa. Mimi nikaingia ndani nikalia, na Wiston akadhani uchungu umeanza, akaenda kuita pikipiki.

Nikiwa nimejilaza nikaanza kuhesabu. Babu alikuwa mpishi hodari kuliko wote vitani. Babu alikuwa anaingia jikoni kila siku saa kumi, anafunga mlango. Baba mdogo ananiambia tangu Babu afe chakula chako kimeharibika, anasema majonzi yameingia mkononi. Na harusi nne umezikataa kwa mkono ambao hukuwahi kunitajia, wewe ambaye kila barua unaniandikia habari za mguu.

Bibi, nakuuliza kwa adabu zote. Humo jikoni alikuwa anapika nani?

Mjukuu wako, hapa siandiki kama mke mwenza,
Suzan


Keza
24 Agosti 2025

Mke mdogo,

Marahaba. Nyumbani ni wazima. Irine ameanguka na viatu vyake mbele ya sakristia, hakuumia ila heshima. Ukimaliza kusoma barua hii ichome, na majivu uyamwage kwenye migomba.

Alikuwa anapika yeye.

Sasa nimeandika, na dari haijaniangukia, basi niendelee. Wewe unajua mimi nilitoka Burundi. Nilivuka nikiwa na miaka kumi na saba, na mama yangu alifia njiani kabla hajanifundisha hata kuwasha moto wa kuni mbichi. Bonaventura akanioa, na mama yake hakufurahi. Nilipopika mara ya kwanza, mama mkwe alionja akasema mbele ya watu, "Mkimbizi huyu, hata kupika walimnyima." Tangu siku hiyo jina langu lilikuwa Mkimbizi. Kisimani Mkimbizi, kanisani Mkimbizi.

Bonaventura alikula chakula changu miaka mitatu bila neno. Alikuwa anakunywa maji mengi, hilo tu. Akaenda vitani, akarudi, akapumzika siku mbili. Siku ya tatu akafunga mlango wa jiko, akaniambia, "Odeta, nimepona risasi. Sitaki kufa kwa maharage."

Nilikasirika nikamtupia kifuu. Akakiokota, akachotea maji, akaanza kukatakata vitunguu. Mimi nikakaa kwenye kigoda nikimsimulia habari za siku nzima, nani kagombana na nani, naye akicheka na kukoroga. Tulikaa hivyo miaka arobaini na mitano. Huo ndio wivu wake.

Chakula nilikuwa nakipakua mimi na kukitoa nje mimi. Mama mkwe alipokionja aliomba kuongezwa. Mwaka haukupita nikaitwa Mama Danstan, kisha harusi ya kwanza nikaitwa kusimamia. Jioni ile Bonaventura alinikaririsha kama katekisimu: maharage debe moja, vitunguu kadhaa, karanga zilizosagwa kiasi hiki, chumvi mwisho. Karanga alikuwa anazikaanga na kuzisaga yeye hapa nyumbani. Huko harusini mimi nilitembea na kijiti, nikionja na kukunja uso. Watu wanaogopa sana mtu anayeonja na kukunja uso.

Maneno ya mapishi ninayo yote mpaka leo. Mkono ndio sina.

Watu walipoanza kusema ana wivu, nilimwambia tuufungue mlango, waseme wanavyotaka. Akakataa. Akasema, "Mwanamume mwenye wivu watamcheka mara moja wataenda zao. Wewe watakuita tena lile jina." Hakulizungumzia tena.

Umeniuliza, nimekujibu. Lakini ukiyaandika hayo katika wasifu, mimi na wewe hatuna tena mume mmoja. Nina miaka sabini. Niache nife nikiwa Mama Danstan.

Odeta


Nyantakara
2 Septemba 2025

Mke mkubwa,

Shikamoo. Barua nimeichoma na migomba imekula. Wiston aliuliza moshi ni wa nini, nikamwambia ni wivu. Mimi siku zangu zimebaki chache, miguu imejaa mpaka navaa kandambili zake.

Wasifu huu hapa, Aron amkabidhi Baba mdogo mkononi. Nimeandika kwamba Babu alizaliwa mwaka 1952, alilitumikia jeshi katika Vita vya Kagera, alirudi na miguu yote miwili kama ulivyotaka. Jikoni sijaingia. Wivu sijauandika pia, lakini Bibi, hilo halisaidii, maana hata usiposomwa, watu wote watausikia.

Baada ya maneno "aliipenda familia yake" nimeacha mistari mitatu mitupu. Nimemwelekeza Baba mdogo kwamba akifika hapo anyamaze kidogo, kama mjane ana neno. Usipokuwa nalo, ataendelea, na hakuna atakayejua kwamba palikuwa na kitu. Uamuzi ni wako wewe, na nitakupenda vile vile.

Suzan


Keza
21 Septemba 2025

Mke mdogo,

Marahaba, na hongera sana ya mtoto. Faustini alipopokea simu ya Wiston alipiga kelele hadi kuku wakatoka bandani. Wa kiume, kilo tatu na nusu, ashukuriwe Mungu. Nitakuja nikipata usafiri wa gari lenye kioo cha mbele. Kitovu kikianguka kitunze.

Sasa habari za misa. Watu walikuwa wengi, hata Mashimba alikuja, amevaa koti la zamani lenye kifungo kimoja. Baada ya misa tukaenda kaburini. Faustini akasoma wasifu wako vizuri, akajikwaa mara mbili tu. Akafika kwenye "aliipenda familia yake," akanyamaza.

Mtu mmoja nyuma akakohoa kile kikohozi cha kucheka. Mwingine akamjibu kwa kikohozi. Nikamtazama baba yako Danstan, naye alikuwa ameinamisha kichwa akitabasamu. Mke mdogo, nilikuwa nimeamua kukaa. Nilikuwa nimekunja hata mikono. Lakini kile kikohozi kilinichoma, maana aliyelala pale alikikubali kwa ajili yangu, na asingeweza tena kujijibia.

Nikasimama. Nikasema, "Mume wangu hakuwa na wivu. Alikuwa anapika. Kila mlo mliokula kwangu mkausifu, aliupika yeye, na mlango alifunga ili mimi nisiaibike. Mimi sijui kupika."

Wakacheka, lakini kwa upole, kama unavyomcheka mtoto aliyesema neno zuri. Padri akainua mkono akasema, "Mnauona unyenyekevu wa mjane? Anavua taji lake analiweka juu ya kaburi la mumewe." Wakapiga makofi. Tecla alipangusa machozi. Mashimba peke yake alitikisa kichwa akisema, "Anasema kweli huyu," na mtu akamshika bega kumwambia pole mzee, jua kali.

Hasira niliyoipata sijawahi kuipata. Nilipokuja nchi hii niliwaambia ukweli, kwamba mama alikufa kabla hajanifundisha, hawakuniamini kwa sababu nilikuwa mkimbizi. Sasa hawaniamini kwa sababu naheshimiwa.

Nikateremka hadi jikoni. Akina mama walikuwa wamemenya ndizi tayari, maharage yamechemka, bado kuungwa tu. Irine alikuwa ameshika mwiko. Nikauchukua. Akasema, "Mama, wewe mfiwa, huruhusiwi kupika leo." Nikamwambia, "Leo ndiyo naruhusiwa." Nikawatoa wote nje, ila mlango niliuacha wazi, kila mwenye macho aone ni nani anakoroga. Nikayafuata maneno ya Bonaventura moja baada ya jingine bila kuruka. Vitunguu vikaungua. Karanga zikafanya mabonge. Chumvi niliweka, nikasahau kama nimeweka, nikaweka. Naapa sikuharibu kwa makusudi, Suzan. Nilijitahidi kuliko siku zote za maisha yangu.

Wageni wakapakuliwa. Wakakaa na sahani zao kwa furaha, maana mwaka mzima hawajala mkono wa Mama Danstan. Padri akabariki akatia tonge la kwanza. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Erasmus katekista akaomba maji. Baba yako alikula kijiko kimoja akakitazama, akala cha pili taratibu, kisha akaweka sahani chini na kujifunika uso kwa viganja. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na hakuwa anacheka.

Mashimba alimaliza sahani yake yote kwa heshima ya jeshi.

Nikangoja lile jina. Nilikuwa nimelitayarishia kifua. Tecla ndiye aliyeinuka, yule aliyenifuata miaka thelathini akitaka nimfundishe siri ya karanga. Akapita katikati ya watu wote, akanishika mikono yote miwili iliyokuwa na masizi. Mwaka uliopita alinipa pole ya msiba kama wenzake, kwa kunipa mkono na kupisha mwingine. Safari hii hakuniachia.

"Pole sana, Odeta," akasema. "Kumbe ndiyo kwanza tunajua umefiwa na nani."

Nikalia hapo hapo mbele ya watu, na sikuona aibu.

Mimi mjane wa mpishi,
Odeta